Godzilla Halikuwa Dude la Kuchekwa

Wengi wetu tuliokulia kwenye vibanda vya video tunalijua Godzilla: dude la mpira lenye umbo la mjusi, linapiga teke maghorofa ya maboksi. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Basi mwaka wangu wa kwanza huku Uingereza, jirani yangu bwenini, Mjapani, akatuwekea ile filamu ya kwanza kabisa ya 1954, ya Kijapani yenyewe. Tukakaa na bisi zetu tukingoja kucheka. Haikufika mbali, kila mtu kimya.

Aliyeiongoza ni Ishirō Honda. Alizaliwa 1911 mkoa wa Yamagata, na mwaka 1933 akaingia studio iliyokuja kuwa Toho. Lakini kabla hajapata nafasi ya kuongoza, vita vikamchukua. Kati ya 1935 na 1945 aliitwa jeshini tena na tena, akapelekwa China, na mwisho akawa mateka huko. Aliporudi nyumbani 1946 alipita Hiroshima, akaona kilichobaki baada ya bomu la atomiki. Filamu yake ya kwanza ya hadithi ilitoka 1951, umri umeshafika miaka 40.

Sasa tazama 1954. Tarehe 1 Machi Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Pasifiki. Majivu yenye mionzi yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua yao, na mmoja wao akafariki Septemba. Filamu ya Honda ilitoka Novemba 3 mwaka huohuo, na inaanza na nini? Mwanga mkali baharini na meli inayoteketea. Mjapani wa wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa.

Kuhusu lile vazi la mpira: fundi wa picha za ajabu, Eiji Tsuburaya, hakuwa na muda wala pesa za kusogeza mdoli picha kwa picha. Akamvisha mtu vazi la kilo 100 hivi, akamtembeza katikati ya mji mdogo wa kuigiza. Kamera ilipiga kwa kasi kuliko kawaida, ili picha zikionyeshwa dude lionekane zito, linakwenda polepole. Honda yeye alisimamia upande wa watu. Ndiyo maana tunaonyeshwa hospitali iliyojaa majeruhi, na mama amekumbatia wanawe akiwaambia watamfuata baba yao. Hapo nani acheke?

Filamu ilipovuka kwenda Marekani 1956, ilikatwakatwa. Wakamwingiza Raymond Burr kama mwandishi wa habari Mmarekani, yeye ndiye akawa anasimulia. Abiria wa treni anayetaja kunusurika Nagasaki akaondolewa. Onyo la mwanasayansi pale mwisho, kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea huenda akazuka Godzilla mwingine, nalo likaondolewa. Dude likabaki, sababu ya dude ikatupwa. Filamu hiyo ndiyo iliyozunguka nchi nyingi, na ile ya asili ilikuja kuingia vizuri kwenye majumba ya sinema Marekani 2004, miaka 50 baadaye.

Honda aliendelea: Rodan 1956, Mothra 1961, King Kong vs. Godzilla 1962, mpaka 1975. Kadiri miaka ilivyokwenda, dude likafanywa rafiki wa watoto. Baadaye akarudi kumsaidia rafiki yake wa ujanani, Akira Kurosawa, kuanzia Kagemusha ya 1980. Mwaka 1991 walikuwa pamoja kwenye filamu kuhusu bibi mmoja wa Nagasaki. Yaani mzee alirudi palepale kwenye bomu, safari hii bila dude. Alifariki Februari 1993.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu sisi tulio ugenini kila siku tunaulizwa habari za kwetu, na mara nyingi anayeuliza ameshaona toleo lililokatwa. Nami nilikuwa hivyohivyo kwa Wajapani; nilicheka msiba wa watu bila kujua. Yule jirani hakunilaumu, aliweka tu filamu nzima. Wikiendi hii itafuteni ya 1954, yenye sauti ya Kijapani. Bisi si lazima.