Je, Wajua? Santuri na Kabati Lake ni Ndugu

Santuri nzito za zamani, zile zinazozunguka mara 78 kwa dakika, si plastiki. Ni shelaki, gundi inayotolewa na kidudu cha mitini huko India, iliyochanganywa na unga wa mawe. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilinaswa kwenye sahani za namna hiyo. Na shelaki hiyohiyo, ikiyeyushwa kwa spiriti, ndiyo mafundi seremala wa zamani waliyong'arishia makabati. Kwa hiyo usithubutu kusafisha santuri ya 78 kwa spiriti: utafuta vumbi pamoja na wimbo.

Santuri za vinaili, zilizoanza kuenea sokoni mwaka 1948, adui wake ni joto, na Dar tunalo la kugawa. Zikilazwa moja juu ya nyingine chini ya bati, hupinda kama chapati. Zisimamishwe wima, zishikane kidogo, mbali na dirisha.

Ukimwagiza fundi wa Keko, kule Temeke, akutengenezee kabati la santuri, mpe vipimo kamili. Santuri kubwa ina upana wa sentimita 30, basi kila chumba kiwe na sentimita 33 kwenda juu na kwenda ndani. Santuri 100 na majalada yake huzidi kilo 20, kwa hiyo mbao za rafu ziwe nene. Mgongo wa kabati uachiwe matundu, la sivyo unyevu wa masika utaotesha ukungu kwenye majalada. Na miguu iwe mirefu: mchwa hawajali taarab.