Sukari Iliyo Ndani ya Maumivu ya Viungo

Wanawake wengi wenye baridi yabisi ya aina ya rumatoidi hupata nafuu wakiwa wajawazito. Vidole vilivyokuwa vikikaza kila asubuhi hulegea na magoti hupungua uvimbe. Mama akishajifungua, mara nyingi kabla mtoto hajaanza kutambaa, maumivu hurudi. Sehemu ya maelezo ya jambo hili imo katika sukari, ingawa si ile tunayotia kwenye chai.

Kingamwili zilizo nyingi kuliko zote katika damu huitwa IgG. Zina umbo la herufi Y, na kwenye shina la kila moja hukaa minyororo miwili mifupi ya sukari. Mnyororo uliokamilika huwa na sukari iitwayo galaktosi karibu na ncha yake, na pengine asidi ya sialiki juu yake. Mwaka 1985, Raj Parekh na Raymond Dwek wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzao wakiwamo wa Japani, walionyesha kwamba IgG za wagonjwa wa baridi yabisi hiyo mara nyingi zimepungukiwa galaktosi.

Galaktosi ikikosekana, sukari iliyokuwa chini yake hubaki wazi. Ini letu hutengeneza protini inayotambua sukari za namna hiyo juu ya bakteria na kuvu. Majaribio ya maabara yalionyesha kuwa protini hiyo hunasa pia IgG zilizopungukiwa, kisha huamsha silaha zilezile zilizokusudiwa vijidudu. Kinyume chake, mwaka 2006 maabara ya Jeffrey Ravetch, New York, ilionyesha kwa panya kwamba IgG zenye asidi ya sialiki hutuliza uvimbe.

Sasa mrudie yule mama. Mimba inapokua, galaktosi kwenye IgG zake huongezeka. Akijifungua, hupungua tena. Sidhani sukari peke yake inatosha kueleza nafuu ile, maana ujauzito hubadilisha homoni na mengine mengi, lakini kupanda na kushuka huko kwa pamoja si jambo la kupuuzwa.

Kuacha sukari ya chai hakurekebishi minyororo hii. Mama mwenye ugonjwa huu asidanganywe na nafuu ya ujauzito: apange mapema na daktari dawa atakazotumia wakati wa kunyonyesha, na asitumie dawa ya methotreksati akiwa mjamzito, kwani humdhuru mtoto tumboni.