Kwa Nini Mtoto Anaendelea Kuhara: Viini Vinavyogandana na Kunata Tumboni

 Tukikaa nanyi chini ya mti, swali moja hurudi kila mara. Akina mama wanauliza: "Sisi tunatia dawa kwenye maji. Mbona mtoto bado anahara, tena siku nyingi?"

Zamani tulijibu haraka haraka: tia dawa sawasawa, chemsha. Jibu hilo si baya, lakini ni nusu. Kikundi kimoja ndicho kilitufunza. Mama alileta mtungi wa lita 20 uliokwisha pasuka, tukaukata kwa kisu katikati. Ndani, pembeni na chini, kulikuwa na utelezi. Maji yake yalikuwa yakitiwa dawa kila siku, na utelezi uko pale pale! Tuliona haya kidogo, maana miaka yote hiyo tulikuwa tunauliza habari za maji, hatuulizi habari za mtungi.

Utelezi ule ni makao ya viini. Kiini kimoja kikiwa peke yake majini, dawa hukimaliza upesi. Lakini viini vikishika ukuta wa mtungi, vikagandana na kujifunika kwa ute wao wenyewe, dawa huishia juu juu. Vya ndani vinabaki, na baadaye vingine hubanduka na kuingia kwenye kikombe.

Na tumboni mwa mtoto iko tabia kama hiyo. Hebu tutaje kiini kimoja, bakteria wanaoitwa E. coli. Daktari Theodor Escherich wa Ujerumani aliwaeleza mwaka wa 1885, baada ya kuwapata katika choo cha watoto wachanga. Wengi wao hawana ubaya, sote tunao tumboni hata sasa. Lakini kuna ukoo wao mbaya. Mwaka wa 1945 daktari John Bray wa huko London alionyesha kwamba E. coli wa namna fulani walihusika na kuhara kwa watoto wachanga. Hapa kwetu Kenya, Siaya ilikuwa mojawapo ya sehemu katika nchi 7 ambako watoto wenye kuhara kubaya, zaidi ya 9,000 kwa jumla, walichunguzwa kati ya 2007 na 2011. Matokeo yalitolewa 2013. Kwa wale ambao hawajatimiza mwaka mmoja, waliokuwa na ukoo huu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Wanafanyaje kazi? Akina mama wasukao vyondo wataelewa mbele ya wengine. Bakteria hawa wana nyuzi nyembamba sana miilini mwao. Nyuzi hizo husokotana kama katani pajani, zikawa kamba, na kwa kamba hizo bakteria hufungana kundi kundi. Kundi likifika kwenye utumbo hunata. Baadaye kamba hulegea, baadhi yao wanatawanyika na kwenda kushika mahali pengine.

Linalofuata linashangaza. Kiini kinahitaji mahali pa kushika kwenye seli ya utumbo, na hakingoji kupewa. Mwaka wa 1997 wataalamu huko Vancouver, Kanada, waligundua kwamba bakteria huyu huisukumia seli kishikio chake mwenyewe, kama kwa sindano, kisha anakishika. Ni mgeni anayekuja na kigingi chake, anakipigilia uani kwako, halafu anafunga punda wake!

Pale aliponata, vinyweleo vidogo vya seli, vile vinavyonyonya maji na chakula, hufutika. Mnajua mlima uliomalizwa nyasi na mbuzi: mvua ikinyesha maji yote yanateremka. Ndivyo mtoto anavyokunywa na kula, na vyote vinapita. Lakini utumbo hauharibiki wote, na hapo ndipo ORS inasaidia. Sukari na chumvi zikiingia pamoja huvuta maji mwilini kupitia sehemu zilizobaki nzima. Soma pakiti, utumie maji safi ya kipimo kilichoandikwa. Zahanati itatoa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalize hata kama kuhara kumekoma.

Sasa maziwa ya mama. Ndani yake mna kinga, na sukari za namna yake, ambazo huwazuia bakteria hawa wasinate. Kwa hiyo tukisema mtoto anyonye tu miezi 6, bila maji, bila uji, si ukali wa nesi. Tunajua nyanya atasema jua la Mutomo au Kibwezi ni kali, mtoto ana kiu. Maziwa ya mama ni maji karibu sehemu 9 kwa 10. Kiu inakwisha kwa kunyonyeshwa.

Jambo lingine tunalosikia, ati choo cha mtoto mchanga hakina neno. Kina neno sana! Ukoo huu hukaa kwa binadamu, na huhama kwa choo na mikono. Kitupwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Mtungi nao, tia changarawe safi, sabuni na maji kidogo, funga, tikisa kwa nguvu mpaka utelezi ubanduke. Suuza mpaka maji yatoke meupe, ndipo uchote na kutia dawa. Fanyeni hivyo kila wiki.

Mtoto akiwa na macho yaliyobonyea, akikataa kunyonya, akilegea, au choo kikiwa na damu, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali, mkimpa ORS na titi njiani.

Tukija kwenye mkutano wenu, leteni mtungi mmoja tuutazame pamoja. Si ule uliosafishwa jana kwa ajili ya wageni. Leteni ule wa kila siku.