Usiache Mbachao: Maisha ya Kila Siku na Kumbukumbu kama Chemchemi ya Utunzi

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, nilitunga hadithi fupi iliyoanzia chini ya mnazi. Mhusika wangu mkuu alikuwa baharia wa Lamu, mchumba wake alijifunga kanga za kisutu, na upepo wa kusi ulivuma tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimpelekea mhadhiri wangu nikiwa na matumaini makubwa. Aliirudisha ikiwa na swali moja tu pambizoni: je, nimewahi kulala Lamu hata usiku mmoja? Wakati huo sikuwa nimefika hata Mombasa. Nilizaliwa na kulelewa kando ya Ziwa Viktoria, mwendo mfupi kutoka mjini Kisumu, na mnazi niliujua kutoka vitabuni.

Kosa hilo halikuwa langu peke yangu. Wanafunzi wengi wa Kiswahili tunaotoka bara huamini, pasipo kusema, kwamba kwa kuwa lugha hii ina chimbuko lake pwani, basi hadithi nayo sharti ipitie huko kwanza. Tunasahau kwamba waandishi wa pwani waliandika juu ya minazi kwa sababu minazi ilikuwa uani kwao. Kuwaiga barabara ni kuandika juu ya kilicho uani kwetu. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Makala haya yananuia kueleza jinsi mtunzi chipukizi anavyoweza kupata malighafi ya utunzi katika maisha ya kila siku na katika kumbukumbu zake, na jinsi ya kuigeuza malighafi hiyo kuwa kazi ya fasihi.

Ziwa letu katika fasihi

Kwanza, tuondoe dhana kuwa ziwa ni mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya ziwa hili hili tunaloliona kutoka Dunga. Alipochapisha riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971, hakumpeleka mhusika wake kuzaliwa Unguja wala Mombasa. Familia ya Rosa inaishi Namagondo. Kijiji ambacho wasomaji wengi hawakuwa wamekisikia kikaingia katika historia ya riwaya ya Kiswahili kwa sababu mwanawe hakukionea haya.

Kabla yake, katika kisiwa hicho hicho, Aniceti Kitereza alikuwa amekamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu maisha ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, ulevi, ugomvi wa wakwe, tiba za miti shamba na uchungu wa ndoa iliyokosa mtoto. Yaani mambo ambayo kila jirani yake aliyajua na hakuna aliyedhani yanastahili kitabu. Alikuja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kazi hiyo ilisubiri miaka 35, lakini haikuchakaa, kwani ilijengwa juu ya mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Kwa upande wetu wa Kenya, Grace Ogot (1930–2015), mzaliwa wa Asembo, alitunga kwa Kiingereza na kwa Kidholuo. Hadithi yake maarufu kuhusu Oganda, msichana anayetolewa kafara kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe, ina asili yake katika masimulizi aliyoyasikia kwa nyanya yake. Hali kadhalika, Ogot alikuwa muuguzi, na aliwahi kufanya kazi katika Hospitali ya Maseno. Hospitali na wagonjwa wakaingia katika hadithi zake. Tunaona basi chemchemi mbili: alichosimuliwa utotoni na alichokiona kazini.

Kutazama kilicho karibu

Tatizo la kilicho karibu ni kwamba mazoea hutupofusha. Mtu apitaye Soko la Kibuye kila Jumapili huliona soko zima, na kwa hivyo haoni chochote. Akitakiwa kulieleza, ataandika kuwa lina watu wengi na kelele nyingi, maelezo yanayofaa soko lolote duniani.

Dawa yake ni kuchagua kitu kimoja na kukitazama kwa muda. Mathalani, mtazame mama mmoja anayeuza omena kwa gorogoro. Tazama mkono wake wakati anapojaza mkebe: je, anausukuma omena chini ili ushibe, au anauacha ukae wima ili uonekane umefurika? Baada ya kupima, anaongeza kiasi gani, na anamwongezea nani? Mnunuzi naye, macho yake yako kwenye omena au kwenye uso wa muuzaji? Katika kitendo hicho cha dakika moja mna uchumi, undugu, hila na huruma. Msanii hahitaji kuongeza vita wala kifo ili kupata mgogoro. Mgogoro tayari umo mkononi mwa yule mama.

Fauka ya hayo, mtunzi awe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mtunzi ni vitu vidogo: neno alilolitamka kondakta wa matatu ya Kondele, jina lililopakwa rangi ubavuni mwa mashua, jinsi gugumaji linavyohama na upepo likaziba asubuhi mahali palipokuwa peupe jioni. Yaandikwe siku hiyo hiyo, kwa sentensi fupi, bila kuyapamba. Mapambo yana wakati wake.

Kutoka kumbukumbu hadi hadithi

Kumbukumbu si hadithi. Tukio kuwa la kweli, au kuwa lilituumiza, hakutoshi kulifanya liwe sanaa. Ninaomba ruhusa ya msomaji nitoe mfano kutoka tajriba yangu.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mama yangu alikuwa akinunua omena kwa wavuvi alfajiri na kuwaanika juu ya nyavu kuukuu ufuoni. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa mwanga wa taa unaowavuta juu ya maji. Enzi hizo tuliona karabai za mafuta ya taa zikiwaka ziwani mithili ya mji mwingine. Kazi ya kuanika hutegemea jua. Mvua ikiwanyea kabla hawajakauka, huoza, na mtaji huenda nao. Siku moja wingu lilitanda ghafla. Mama alikimbia akaanza kukusanya omena wa jirani yetu, aliyekuwa amekwenda matangani. Alipofikia wetu, mvua ilikuwa imekwisha kuwaharibu. Muhula huo nilikaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa karo.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama malalamiko. Nilipojaribu kukiandika, kilikuwa kibovu: mtoto analia, mama ni mwema, mvua ni katili. Hapo ndipo nilipojifunza hatua tatu ambazo ningependa kuwashirikisha wenzangu. Kwanza, tafuta swali usilolijua jibu lake. Langu lilikuwa: kwa nini aanze na wa jirani? Pili, badilisha jicho linalotazama. Nilimwacha mtoto, nikasimulia kupitia kwa jirani anayerudi kutoka matangani na kukuta omena wake wakavu huku wa mwenzake wakinuka. Ghafla hadithi ikapata uzito, kwani sasa kulikuwa na deni ambalo hakuna aliyelidai na ambalo haliwezi kulipwa. Tatu, punguza. Niliondoa karo, nikaondoa machozi, nikabaki na wanawake wawili na harufu.

Nilipomsomea mama mswada huo, nikiufasiri kwa Kidholuo, alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nyathina," akaniambia, "mvua ilikuwa kali na nyavu zilifanana. Nilidhani ni wetu."

Nilitaka kuuchana mswada. Wema wote nilioujengea hadithi ulikuwa umetokana na makosa ya haraka. Lakini nilipotafakari zaidi, niligundua kuwa mama alikuwa amenipa hadithi bora kuliko yangu: jirani anashukuru kwa maisha yake yote kwa tendo ambalo mtendaji hakulikusudia, na mtendaji anakosa ujasiri wa kumwambia. Funzo ni kwamba mtunzi hana budi kuirudia kumbukumbu yake kwa kuwauliza walioshuhudia, si ili awe mwanahistoria, bali kwa sababu pengo kati ya tunavyokumbuka na ilivyokuwa ndilo mahali fasihi inapopenda kuota.

Mama aliomba jambo moja tu: jina la jirani libadilishwe. Nililibadilisha, pamoja na kijiji na idadi ya watoto. Maisha ya watu si mali yetu kwa sababu tu tuliyaona. Mwandishi anayemwanika jirani yake hadharani atakosa jirani, na hatimaye atakosa pia cha kuandika.

Suala la lugha

Wengine huuliza: tutaandikaje ziwa kwa Kiswahili ilhali tuliliishi kwa Kidholuo? Swali hili ni zito, ila lisituzuie. Kiswahili kina msamiati wa ziwa, na wenzetu wa Mwanza na Musoma wanautumia kila siku: omena wetu kwao ni dagaa, mbuta kwao ni sangara, na mahali mashua zinapotia nanga panaitwa mwalo. Mtunzi anaweza kuchota huko. Pale ambapo neno la Kidholuo ndilo jina halisi la kitu, aliache lilivyo na kuacha muktadha umfafanulie msomaji. Mhusika akipika osuga, msomaji atajua kuwa ni mboga kwa sababu inachambuliwa, inachemshwa na kutiwa maziwa. Hahitaji kamusi, anahitaji sufuria.

Hitimisho

Nyanya yangu alikuwa akitusimulia ngano ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Wengi wanaijua: ajuza anabisha hodi katika kijiji kilicho katika sherehe, anafukuzwa, mwanamke mmoja tu anamkirimu, na usiku huo maji yanakimeza kijiji kizima. Lakini nyanya alikuwa na sehemu yake mwenyewe, wimbo alioimba ajuza alipokuwa akiondoka, na jambo fulani alilomwachia yule mwanamke aliyemkirimu. Nyanya alifariki mwaka 2013, nikiwa katika shule ya sekondari. Lahani ya wimbo ninayo. Maneno sinayo, na alichoachiwa yule mwanamke sikikumbuki. Nimewauliza shangazi zangu wote; hakuna anayekumbuka.

Huenda siku moja nitayabuni maneno hayo, nayo itakuwa kazi yangu, si yake. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu bado tuna mtu nyumbani anayekumbuka. Likizo ijayo, kabla ya kuanza kutunga, nendeni mkaketi karibu naye, na daftari liwe mapajani.