Mzio wa Viuavijasumu: Hudumu kwa Muda Gani?

Kati ya mwaka 2014 na 2017 Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa sehemu tatu za Afrika zilizofanyiwa utafiti mkubwa wa kiuavijasumu kiitwacho azithromaisini. Nyingine zilikuwa katika Niger na Malawi. Watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 59 walinyweshwa, mara mbili kwa mwaka, ama dawa hiyo ama kimiminika kisicho na dawa, ili ijulikane iwapo vifo vya utotoni vingepungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha upungufu wa asilimia 13.5 kwa sehemu zote tatu, ingawa kwa Kilosa peke yake ulikuwa asilimia 3.4 tu. Mtoto aliyejulikana kuwa na mzio wa dawa za jamii hiyo hakupewa.

Mzio ni kosa la ulinzi wa mwili. Dawa isiyo na madhara hudhaniwa kuwa adui, na mwili huiandalia silaha. Muda wa mzio hutegemea ni silaha ipi iliyotumika.

Silaha ya kwanza ni kingamwili zilizokwisha kujibandika juu ya chembe fulani za mwili. Dawa ikizigusa, chembe hizo humwaga histamini papo hapo. Kwa kawaida katika muda usiozidi saa moja ngozi hutoka mabaka yaliyovimba na kuwasha. Kila baka hutoweka kabla ya saa 24, ingawa mengine yaweza kuzuka kando yake, na hali yote huisha baada ya saa kadhaa au siku chache. Mgonjwa akivimba koo, akibanwa pumzi au kuzirai, hapo hakuna la kungojea: huhitaji sindano ya adrenalini mara moja. Hata akipata nafuu hubakizwa hospitalini, maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Silaha ya pili ni chembe nyeupe za damu, nazo huenda polepole. Vipele vyekundu hutokea siku ya 5 hadi ya 14 tangu dawa ianze, pengine dozi ikiwa imekwisha, na ndiyo sababu wengi hulaumu chakula badala ya dawa. Dawa ikisimamishwa, vipele hufifia katika wiki moja au mbili. Aina chache ni za hatari: ngozi hutoa malengelenge na kubambuka, midomo na macho huungua. Ngozi huota upya kwa wiki kadhaa, lakini makovu ya macho yaweza kudumu maisha yote.

Jambo la tatu ni muda ambao dawa yenyewe hukaa mwilini. Penisilini ya kawaida hupungua kwa nusu katika muda wa nusu saa hivi. Azithromaisini, kwa mtu mzima, huchukua takriban saa 68. Kwa hesabu hiyo, baada ya siku 14 bado imebaki sehemu moja kati ya 32. Kwa hiyo, mtoto wa kijiji kilicho mbali na Mikumi akitokwa na mabaka, kisha akatulizwa kwa dawa ya kuzuia histamini, mabaka yaweza kurudi mara dawa hiyo inapokoma, bila ya yeye kunywa kiuavijasumu tena. Mzio wa namna hii ni nadra. Lakini ukitokea, mgonjwa hapaswi kuondoka kituoni mapema kwa kuwa tu ngozi imetulia.

Kumbukumbu ya mzio nayo ina umri wake. Miongoni mwa watu waliothibitishwa kuwa na mzio wa papo hapo wa penisilini, wapatao 8 kati ya 10 huwa wameupoteza baada ya miaka 10. Hata hivyo, hilo huthibitishwa kwa vipimo mbele ya daktari, si kwa kujaribu kidonge nyumbani.