Herufi 22 Zinapopotea

Wanaume wawili wanagundulika kuwa na saratani ya tezi dume mwezi mmoja. Mmoja anazeeka nayo, anakuja kufa kwa maradhi mengine. Mwenzake, miaka haijawa mingi, imeshamfika kwenye nyonga na uti wa mgongo. Sehemu ya jibu imo kwenye maikroRNA, vipande vya RNA vya herufi 22 hivi, visivyotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kuzinasa nakala za jeni zilizo njiani kwenda kuunda protini na kuzinyamazisha. Mwanabiolojia Victor Ambros alipoiona ya kwanza mwaka 1993, wengi walidhani ni mambo ya mnyoo wake wa milimita moja tu. Mwaka 2024 yeye na Gary Ruvkun walitunukiwa Nobel.

Tuitazame mojawapo, miR-101. Katika seli yenye afya huzibana nakala za jeni ya EZH2, protini inayofunga jeni nyingine, zikiwemo zinazoikataza seli kuzaana ovyo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walikagua DNA za uvimbe. Kwenye saratani ambazo hazijatoka nje ya tezi, 6 kati ya 16 zilikuwa zimepoteza kipande chenye miR-101. Kwenye zilizosambaa, 22 kati ya 33. Hesabu hii hunigusa kila niisomapo: mlinzi ameondoka, EZH2 imefurika, na milango iliyopaswa kubaki wazi inafungwa mmoja mmoja. miR-15a na miR-16 nazo hupotea vivyo hivyo.

Mwaka huohuo, Seattle, watafiti wengine walijaribu kama maikroRNA zinaweza kupimwa kwenye damu: plazima iliachwa saa 24 bila ubaridi, nyingine ikagandishwa na kuyeyushwa mara 8. MaikroRNA zilibaki salama. Ndipo wakalinganisha wagonjwa 25 ambao saratani ya tezi dume imesambaa na wanaume 25 wenye afya, wakakuta miR-141 imepanda kwa wagonjwa. Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana PSA, kipimo cha damu kinachotumika kuitafuta saratani hii, hupanda hata tezi ikivimba kwa uzee au maambukizi, na wangapi wamekatwa kipande cha tezi cha kupimwa bure!

Tiba imekuwa ngumu zaidi. MaikroRNA nyingine, miR-34a, ilizuia saratani hii kusambaa kwenye panya, lakini dawa iliyoiga miR-34a, ikijaribiwa kwa watu wenye saratani mbalimbali, ilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kuchochea kinga ya mwili kwa ukali, na baadhi ya wagonjwa wakafariki. Sasa kazi iko kwenye chombo: namna ya kuzifikisha herufi 22 ndani ya uvimbe bila kuushtua mwili mzima.