Fedha Yapokelewa, Kiti Chanyimwa

Juma hili tuingie duka kubwa la Rich's, mjini Atlanta, Marekani. Mlemle dukani, mbali na nguo na vyombo, palikuwa na ukumbi wa chakula wa kifahari, Magnolia Room. Hesabu ya mwenye duka ni rahisi: mteja aliyeshiba hana haraka ya kurudi nyumbani. Lakini Mweusi alikaribishwa kununua, si kuketi. Tarehe 19 Oktoba 1960, wanafunzi pamoja na Martin Luther King waliomba kuhudumiwa humo; wakakamatwa. Weusi wakasusia maduka ya mjini, na mwaka 1961 milango ya kumbi hizo ikafunguliwa. Nami nasema: anayepokea fedha ya mtu, ampe na kiti.